Ukurasa ukigoma, musimlaumu mama mwenye simu

Wandugu wasikilizaji na wasomaji, na zaidi nyinyi familia mulioko kambini na mulio katika familia zilizowapokea, kuna neno moja ambalo limezidi kusemwa huku kwetu Kivu, nalo linaumiza: "Tatizo ni simu yako, mama. Nenda utafute nyingine." Linasemwa na kijana aliyekaa nyuma ya meza ya plastiki na kompyuta yake. Linasemwa na yule anayepokea malalamiko. Linasemwa hata na wakubwa wa kambi, ambao nao walilisikia kwa wengine. Leo ninalipinga neno hilo. Mara nyingi si kweli. Na pale ambapo ni kweli nusu, bado si mama huyo anayepaswa kulipa.

Mambo yenyewe ni haya. Kuna ofisi moja ambayo sitaitaja jina, iliyowaambia watu wajiandikishe kwa njia ya tovuti. Kila familia ijaze jina la mkubwa wa nyumba, hesabu ya watoto, kijiji walichokimbia, na namba ya simu ambako msaada utaingia. Siku za kwanza watu walijiandikisha bila shida. Kisha simu nyingi, zilipokuta Wi-Fi ya nyumba ya intaneti, zikasasisha brauza zenyewe, bila mtu kuziambia. Brauza ni ile programu tunayofungulia tovuti: Chrome, Firefox, Opera Mini na nyingine. Tangu hapo fomu ikagoma. Wengine walijaza yote, wakafika kwenye kitufe cha kutuma, wakabonyeza, kimya. Wengine waliona ukurasa mweupe tu. Wengine waliombwa kuingiza namba yao upya, na upya, na upya, kama vile fomu imewasahau kila baada ya dakika moja.

Siku ya kufunga orodha haikusogezwa. Waliowahi wakabaki ndani, waliochelewa wakabaki nje. Kwa mtu mwenye nyumba na shamba, fomu isiyotumwa ni usumbufu. Kwa familia iliyotoka Masisi au Kalehe na godoro moja, ni unga wa watoto. Na walipouliza, jibu likawa lile lile: simu yako.

Tuelewane kwanza juu ya kazi ya sasisho, maana wengi wanadanganywa kwa sababu hawajaelezwa. Chukua brauza kama karani anayekusomea barua, na ukurasa wa tovuti kama barua yenyewe. Sasisho ni amri mpya kwa karani: kuanzia leo usipokee barua yenye muhuri wa zamani, kwa sababu wezi wamejifunza kuuiga. Amri hiyo ni nzuri. Inatulinda sisi wote. Lakini aliyeandika barua kwa muhuri wa zamani akibaki amelala, barua yake itakataliwa mlangoni. Sasa niambieni: kosa ni la nani? La karani? La mama aliyekuja kusomewa? Au la mwandishi aliyeambiwa mapema na hakubadilisha muhuri?

Maana walikuwa wanaambiwa mapema. Hapo ndipo uongo unapofichuka. Mwezi wa 10 mwaka 2018, watengenezaji wanne wakubwa wa brauza, yaani Apple, Google, Microsoft na Mozilla, walitangaza pamoja kwamba mwaka 2020 wataacha kukubali kufuli za zamani za kulinda mawasiliano, zinazoitwa TLS 1.0 na TLS 1.1. Zaidi ya mwaka mmoja wa kujitayarisha. Programu ya Flash, iliyotumika katika fomu na video nyingi, kifo chake kilitangazwa mwezi wa 7 mwaka 2017, kikatimia tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2020. Miaka mitatu na nusu! Hata hivyo, huko Afrika Kusini, ofisi ya taifa ya kodi ilifika mwezi wa 1 mwaka 2021 ikiwa bado na fomu zilizotegemea Flash. Ikabidi itoe brauza yake yenyewe ili wananchi waweze kuendelea kuzijaza. Kama ofisi kubwa ya nchi tajiri kuliko yetu inaweza kulala hivyo, musishangae fomu ya huku kwetu ikilala. Lakini kulala si sababu ya kumgeuzia mwingine kosa.

Chukueni pia ile shida ya fomu inayokusahau. Tovuti huacha alama ndogo katika simu yako ili ikukumbuke ukirudi. Alama hizo huitwa vidakuzi. Mwezi wa 2 mwaka 2020, kwa toleo la 80, Chrome ilianza kudai kwamba vidakuzi vinavyotembea kati ya tovuti moja na nyingine viandikwe namna mpya, la sivyo vitazuiwa. Fomu ikiwa imekaa kwenye tovuti moja, na mlango wa kuingilia uko kwenye tovuti nyingine, na mwenyewe hakubadilisha maandishi, basi mtu anaingia mlangoni na akifika ndani anaulizwa tena: wewe ni nani? Mama anadhani amekosea namba. Hakukosea kitu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ningependa kila mkuu wa shirika alisome mara mbili. Mwaka 2020 ugonjwa wa COVID-19 ulipofungia watu majumbani huko Ulaya na Marekani, Mozilla ilikuwa tayari imeanza kukataa kufuli za zamani katika Firefox 74. Ikazirudisha kwa muda. Kwa nini? Ili watu waendelee kufungua tovuti za serikali zilizotoa habari za ugonjwa. Tarehe 3 mwezi wa 4 mwaka huo, Google nayo ikarudisha nyuma ile amri ya vidakuzi, ikisema haitaki kuvuruga tovuti za huduma za lazima kama benki, vyakula, serikali na afya. Iliianza tena mwezi wa 7.

Mumesikia? Wakubwa wa teknolojia wenyewe walikubali kwamba sasisho linaweza kumkatia mtu huduma ya lazima, na kwamba wakati wa taabu mtu husimama akangoja. Basi ninauliza: taabu yetu ni ya namna gani ambayo haingojewi? Waliokimbia risasi wakalala darasani au kanisani, hawako katika taabu? Kama amri ya dunia nzima ilisogezwa miezi mitatu, siku ya kufunga orodha ya kambi moja haiwezi kusogezwa siku kumi?

Kuna watakaosema: simu za watu wetu ni za zamani, hatuwezi kuzibeba zote. Nawajibu kwa mfano wa watu waliotaka kuzibeba wakaweza. Kuna shirika linaloitwa Let's Encrypt, linalotoa bure vyeti vya usalama kwa tovuti nyingi sana duniani. Mwaka 2020 liliona kwamba simu za Android za kabla ya 7.1.1 zingeanza kuvikataa vyeti vyake mwaka uliofuata, na kwamba simu hizo zilikuwa karibu theluthi moja ya simu zote za Android. Wangeweza kusema "nunueni nyingine". Hawakusema hivyo tu. Walikaa na wenzao waliowadhamini, wakapata njia ya kuziacha simu hizo ziendelee miaka mitatu zaidi. Hao hawamjui hata mtu mmoja wa Minova au wa Sake. Je, sisi tunaofanya kazi katikati ya watu hawa, tunashindwa nini?

Ni kweli simu ya zamani ina mwisho wake. Chrome ya mwaka 2025, toleo la 138, ndiyo ya mwisho kwa simu za Android 8 na 9. Baada ya hapo simu hizo hazipokei Chrome mpya. Nani hajui kwamba simu za namna hiyo ndizo zilizojaa katika masoko yetu, zikiuzwa mkono wa pili na wa tatu? Mwenye ukurasa anajua. Akitengeneza fomu ya familia za kambini, anapaswa kuijaribu kwenye simu ya kambini. Akiijaribu kwenye kompyuta mpya ya ofisini peke yake, hajaijaribu.

Na tusiseme kwamba brauza haikosei kamwe. Mwezi wa 3 mwaka 2021 Google ilitoa sasisho bovu la Android System WebView, kile chombo kilichomo ndani ya Android ambacho programu nyingi hukitumia kuonyesha kurasa. Programu zikaanza kufungika zenyewe kwenye simu za watu duniani, hata Gmail. Ilibidi litolewe sasisho jingine la kutengeneza. Wale waliokimbia haraka kufuta simu yao yote wakapoteza picha na namba kwa kosa lisilo lao.

Kwa hiyo wandugu, kabla hamujakubali kuambiwa "ni simu yako", fanyeni majaribio haya kwa mpango. Hayaombi fundi, na yanaomba mega kidogo tu. Kila jaribio linaonyesha kosa liko upande gani.

La kwanza, angalieni tarehe na saa ya simu. Simu iliyozimika betri ikarudi na mwaka wa zamani itakataa karibu kila tovuti salama, kwa sababu vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Rekebisha tarehe, jaribu tena. Hilo ndilo kosa ambalo kweli ni la simu, na linaponywa kwa dakika moja bila malipo. Mtu akikutoza pesa kwa kazi hiyo, amekuibia.

La pili, fungueni tovuti nyingine mbili. Zote zikigoma, shida ni mtandao au mega zimekwisha. Zikifunguka, na ile ya fomu peke yake inagoma, mtandao hauna kosa.

La tatu, fungueni fomu kwa ukurasa wa siri, ule ambao simu zetu za Kifaransa huuita Navigation privée. Hapo brauza haitumii alama za zamani. Fomu ikifunguka, basi takataka za zamani za tovuti hiyo ndizo zinazogombana na brauza mpya. Ingia katika Paramètres za Chrome, ufute data za tovuti hiyo moja tu. Usifute za tovuti zote, kwani utatolewa kila mahali ulipokuwa umeingia, na wengi hawakumbuki tena maneno yao ya siri.

La nne, jaribuni brauza nyingine. Fomu ikigoma kwa Chrome, ijaribu kwa Firefox. Mwenye Opera Mini ajue kwamba ile hali ya kubana sana mega hupitisha kurasa kwenye kompyuta za Opera kwanza ili kuzipunguza, na fomu nyingi huharibika njiani. Ondoa hali hiyo kwa muda, ujaze, urudishe.

La tano, na hili ndilo la hukumu: jaribuni kwenye simu ya jirani, ya aina nyingine, iliyosasishwa vilevile. Ikigoma kwa simu mbili au tatu zilizo tofauti, basi neno "ni simu yako" limekufa. Simu tatu haziwezi kuugua ugonjwa mmoja asubuhi moja. Kosa liko kwenye ukurasa.

Baada ya hapo, andikeni. Tarehe na saa. Maneno yaliyotokea, herufi kwa herufi. Namba ya toleo la brauza, inayopatikana katika Paramètres, chini kabisa, À propos de Chrome. Pigeni picha ya kioo, lakini fichani majina na namba zenu kabla ya kuituma. Kamati ya kambi ikusanye karatasi hizo, izipeleke zikiwa kumi au ishirini pamoja, na iombe ofisi itie sahihi kwamba imezipokea. Mama mmoja akisema "imegoma" wanamrudisha. Karatasi ishirini zenye tarehe moja haziwezi kurudishwa.

Kuna pia mambo ya kukataa. Musisakinishe "Chrome ya zamani" inayotumwa kwa WhatsApp na mtu asiyejulikana, hata akisema itafungua fomu. Faili ya namna hiyo inaweza kuiba kila mnachoandika. Musimpe mtu yeyote namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money eti awajazie fomu. Hakuna fomu ya msaada inayohitaji namba hiyo. Brauza ikionya kwamba tovuti si salama, na tarehe ya simu ni sawa, musilazimishe kupita kisha mukaandika majina ya watoto wenu na mahali munapolala. Katika nchi yenye vita, orodha ya nani analala wapi si jambo la mchezo. Wala musizuie masasisho kwa hasira. Simu isiyosasishwa ni nyumba isiyo na komeo.

Sasa narudi kwa wenye kurasa, serikali na mashirika, wakubwa na wadogo. Hatuombi maajabu. Tunaomba mambo manne.

Jaribuni fomu yenu kwenye simu ya bei ndogo kabla ya kuitangaza, na tena kila brauza inapotoa toleo jipya, maana Chrome hutoa jipya mara kwa mara. Matoleo ya majaribio hutolewa wiki kadhaa mapema ili wenye tovuti waone shida kabla ya wananchi. Nani kati yenu anayatumia?

Fomu ikivunjika, simamisheni saa. Siku zilizopotea zirudishwe kwa watu, na litangazwe kwenye redio za jamii, kwa Kiswahili na kwa lugha za vijiji, kwamba kosa lilikuwa letu na tarehe mpya ni hii. Tangazo lililobandikwa kwenye tovuti ile ile iliyovunjika halimfikii mtu.

Acheni njia ya karatasi wazi daima. Mtu mmoja, meza moja, daftari moja, ndani ya kambi. Wazee, wasiojua kusoma, wasio na simu kabisa, hao hawakupaswa kutegemea brauza hata siku ya kwanza.

Na muweke mtu wa kuwajibika. Si anwani ya barua pepe isiyojibu. Mtu mwenye jina na namba, ambaye kazi yake ni kupokea yale makaratasi ishirini na kujibu kwa siku zinazojulikana.

Najua watakaokuja na neno lao: "Hatuna pesa za kuajiri fundi wa kompyuta kila mwezi." Nawaheshimu, maana misaada imepungua, kila mtu analia. Lakini karatasi na kalamu ni bei gani? Kusogeza tarehe ni bei gani? Kuacha kumwambia mjane uongo ni bei gani? Aliyeamua kuhamisha orodha kutoka daftarini kwenda kwenye tovuti alifanya hivyo ili kazi yake iwe nyepesi. Mzigo aliouondoa begani mwake hakuutupa chini. Aliuweka kichwani kwa mama mwenye simu iliyopasuka kioo. Basi asimtukane tena kwamba hajui kubeba.

Kwenu familia ninasema: musione haya kuuliza. Kutojua mambo ya brauza si ujinga, kwani hata wenye ofisi wamelala nayo. Saidianeni, vijana wanaojua wafanye yale majaribio matano kwa wazee wao bila kuwatoza. Na kwenu wakubwa: orodha iliyofungwa wakati mlango ulikuwa umevunjika si orodha ya haki. Ifungueni tena, hata kwa wiki moja, muone ni familia ngapi zilizobaki nje zikiwa na simu nzima mkononi.